Pindo la blanketi la kufuma limeharibika? Tafuta chanzo kabla hujafumua

Blanketi la krosheti umemaliza, limelala vizuri kitandani, umebakiza kulizungushia pindo tu afu ulikunje umpelekee mwenye mtoto, na hapo hapo mambo yanaanza, kona zinasimama, pembeni kunapiga mawimbi, au upande mmoja unavutwa ndani na mwingine umelegea. Wengi hapo wanafanya moja kati ya mawili, wanafumua kwa hasira mpaka wanagusa stichi za blanketi lenyewe, au wanasema pasi italinyoosha. Jamani pasi hailinyooshi. Kasoro ya pindo ina chanzo chake, na chanzo karibu kila mara kiko kwenye ile raundi ya kwanza kabisa ya singo tupu inayozunguka blanketi kabla ya mapambo, ile mi naiita msingi. Mapambo ya juu yanaonyesha tu kilichotokea chini.

Tuelewane maneno kwanza manake kila mtu kafundishwa kivyake. Cheni ni cheni, kitanzi kinachovutwa ndani ya kitanzi. Singo ni ile fupi, unaingiza sindano, ile ya ndoano, unavuta uzi unapata vitanzi viwili unapitisha mara moja. Dabo ni ile ndefu, unazungusha uzi kwanza kabla ya kuingiza sindano, afu unapitisha mara mbili. Slipu ni ile ya kuungia tu. Na pindo ninaloongelea hapa ni lile rahisi ambalo hata anayeanza analiweza: msingi wa singo raundi moja, afu raundi ya makombe, yaani singo 1, unaruka stichi 2, unapiga dabo 5 zote kwenye stichi moja, unaruka 2, singo 1, unaenda hivyo mpaka unazunguka.

Kama unafuata video ya YouTube angalia mkono wa anayefuma, usisikilize jina tu. Waingereza wanachoita double ndo Wamarekani wanaita single, na double ya Marekani Uingereza ni treble. Sisi wengi tumezoea majina ya Kimarekani, kwahiyo ukipata maelezo ya Kiingereza cha Uingereza yanayosema piga double kuzunguka blanketi na wewe ukapiga dabo, msingi wako utakuwa mrefu, umelegea, una uwazi kila mahali, na utahangaika kutafuta kosa kwenye mkono wako wakati mkono hauna shida.

Kwanza hakikisha blanketi lenyewe halijapinda

Hili watu wanaliruka. Laza blanketi sakafuni kwenye mkeka, chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka kona moja hadi ya mkabala wake, afu pima zile kona mbili nyingine. Vipimo vikilingana au vikipishana kidogo sana, endelea. Vikipishana sana basi blanketi limepinda, na mara nyingi ni kwa sababu mwisho wa mistari ulikuwa unasahau stichi ya mwisho, ile iliyokaa juu ya cheni za kupandia, yaani zile unazoanzia mstari, kila mistari kadhaa unapoteza moja na blanketi linapungua upana bila wewe kujua. Hesabu stichi za mstari wa kwanza na wa mwisho utaona. Pindo linaweza kuficha upungufu wa stichi moja mbili, halifichi blanketi lililoanza pana likaisha jembamba, na ukilazimisha ndo yanakuja mawimbi upande mmoja na mvuto upande wa pili.

Pindo linapiga mawimbi

Stichi ni nyingi kuliko nafasi, basi. Lakini swali ni nyingi wapi, na hapo uangalie ni upande gani una mawimbi.

Mawimbi yakiwa pande za ubavuni, pale mistari inapoishia, chanzo ni hesabu. Blanketi la singo unaweka singo 1 kwa kila mstari. Blanketi la dabo unaweka singo 2 kwa kila mstari kwa sababu dabo ni ndefu. Sasa hiyo mbili si sheria ya serikali, mtu mwenye mkono unaokaza dabo zake zinakuwa fupi kwahiyo mbili zinazidi, anatakiwa aweke 3 kwa kila mistari miwili. Ndo maana mi nashauri usizunguke blanketi lote kabla ya kujaribu: fuma kama mistari kumi ya ubavuni tu, laza mezani, usivute wala kunyoosha kwa mkono, angalia. Ikikaa bapa endelea kwa hesabu hiyo hiyo. Ikiinuka punguza. Inachukua muda mfupi na inakuokolea jioni nzima.

Mawimbi yakiwa juu na chini, pale unapofuma stichi juu ya stichi, basi ama kuna mahali umepiga mbili kwenye tundu moja bila kujua, ama sindano yako ni kubwa kuliko uliyofumia blanketi. Na kama raundi ya kwanza imekaa vizuri ila ya pili na ya tatu ndo zinaanza kucheza, nenda kaangalie mwanzo wa raundi. Ile cheni 1 ya kupandia ukiihesabu kama stichi afu ukaifumia juu yake, kila raundi unaongeza stichi moja pale pale, na wimbi linaanzia hapo linatambaa.

Kwa wale wa vipande vya mraba vilivyounganishwa, wimbi au shimo linakaa pale vipande viwili vinapokutana. Pale kuna nafasi ya kona ya kipande cha kwanza, maungio, na nafasi ya kona ya kipande cha pili. Ukijaza singo 2 kwenye kila nafasi na nyingine kwenye maungio umeshapata 5 pale padogo. Weka 1 kila nafasi na 1 kwenye maungio, tazama, mara nyingi inatosha.

Pindo linavuta ndani, blanketi linajikunja

Hapa ni kinyume, stichi chache au mkono umekaza. Jinsi ya kutofautisha: hesabu stichi za pande mbili zinazotazamana. Pande zinazotazamana lazima ziwe na idadi sawa, huo ndo ukaguzi mmoja ambao nikiambiwa nichague nitauchagua huo. Kama idadi ni sawa na hesabu kwa mstari iko sahihi lakini bado linavuta, basi ni mkono. Badilisha sindano, kama ulikuwa na ya milimita 4 chukua ya 4.5 au 5, fuma raundi ya msingi upya. Usijaribu kujilazimisha kulegeza mkono kwa nguvu, utalegeza stichi ishirini za kwanza afu ukianza kuongea na mtu mkono unarudi ulipozoea.

Kama idadi haifanani, gawa. Chukua pini au vipande vya uzi wa rangi nyingine, tia alama katikati ya kila upande, afu katikati ya kila nusu, unapata robo nne. Kila robo iwe na idadi moja. Hii inasaidia sana blanketi kubwa la kitanda manake huwezi kukaa unahesabu stichi mia mbili huku mtoto analia na sufuria liko jikoni, unahesabu robo tu.

Pia kuna kujikunja kwa kiangazi chetu, hiki cha hapa Dodoma. Kuanzia miezi ile ya Juni hewa inakauka, usiku baridi, ngozi ya vidole inapasuka, na uzi wa akriliki unanasa kwenye vidole, kwahiyo bila kutaka unauvuta zaidi na stichi zinakaza. Mtu alianza blanketi Machi wakati wa mvua na pindo anafuma Julai, anashangaa mkono wake umebadilika. Paka mafuta usiku ukienda kulala, asubuhi vidole viko laini na havichafui uzi. Ukipaka mafuta afu ukashika uzi mweupe muda huo huo unatengeneza doa, na vumbi jekundu likija linakaa pale pale.

Kona zinasimama au zinakunjamana

Kona inahitaji stichi za ziada ili igeuke. Kwenye msingi weka singo 3 ndani ya stichi moja ya kona. Ukiweka 1 kona inavutwa inakuwa ya duara na kuinuka juu, ukiweka 5 inatoka ncha inayoning'inia. Raundi ya pili ya singo kama utaiweka, zile 3 unazifumia 1, 3, 1, yaani tatu zinaingia kwenye ile ya katikati tu. Tia alama ya uzi kwenye ile ya katikati ya kila kona mapema, manake baada ya raundi mbili huioni tena, na kona iliyosogea stichi moja inafanya pindo lote lionekane limepinda hata kama hesabu iko sawa.

Mashimo kati ya blanketi na pindo

Hii inatokea zaidi ubavuni mwa blanketi la dabo. Ukiingiza sindano kwenye ule uwazi mkubwa kati ya dabo ya mwisho na inayofuata, uzi unausukuma uwazi unapanuka. Ingiza sindano ndani ya dabo yenyewe, ipite katikati ya nyuzi zake ili uwe umeshika nyuzi mbili, tundu linajifunga. Ni kazi kidogo kwa mara ya kwanza na inahitaji mwanga, ukifuma usiku kwenye taa hafifu utakosea, ila tofauti yake inaonekana kwa macho. Raundi hii ya msingi unaweza kutumia sindano ndogo kwa nusu milimita, afu ukirudi kwenye mapambo unachukua ile ya kawaida. Lakini ujue umepunguza, usije ukalaumu hesabu pindo likianza kuvuta.

Makombe hayafiki kwenye kona vizuri

Sasa hapa ndo penye malalamiko mengi, mtu anafuma upande mzima vizuri, anafika kona amebakiza stichi 3 hajui afanye nini, anabana kombe moja pale na linaonekana. Hili halitatuliwi kwenye kona, linatatuliwa kwenye msingi kabla hujapiga dabo hata moja.

Kombe moja na singo yake linakula stichi 6. Ukitaka kila kona iwe na kombe lake kubwa la dabo 7, lililokaa kwenye ile singo ya katikati ya kona, basi stichi zilizopo kati ya katikati ya kona moja na katikati ya kona inayofuata lazima ziwe zinagawanyika kwa 6 ukibakiwa na 5. Yaani 11, 17, 23, unaenda hivyo, 95, 101, 119, 125. Hizi 5 za ziada ni kwa sababu ukitoka kombe la kona unaruka 2, singo 1, unaruka 2, ndo unapata nafasi ya kombe la kwanza.

Mfano. Blanketi la mtoto, upande mfupi umehesabu kati ya alama mbili za kona unapata 96. Karibu kabisa ni 95, kwahiyo unapunguza 1. Upande mrefu umepata 122, karibu ni 119 au 125, zote ziko mbali kwa 3. Unaangalia pindo lako linaelekea wapi: kama msingi ulikuwa unataka kupiga mawimbi kidogo shuka kwenye 119, kama ulikuwa unavuta panda hadi 125. Stichi hizo 3 usizitoe sehemu moja. Zigawe, moja karibu na robo ya kwanza, moja katikati, moja robo ya mwisho, unafuma singo mbili kwa pamoja ziwe moja. Hakuna atakayeona. Afu fanya hivyo hivyo upande wa pili unaotazamana nao.

Na kama blanketi limeshafika makombe upande mmoja na hesabu imekataa, simama. Kurudi kurekebisha msingi wa upande mmoja ni kazi ndogo kuliko kuishi na kombe lililobanwa kwenye blanketi ambalo mtoto atalitumia mpaka mdogo wake alirithi.

Makombe yamekaa vibaya yenyewe

Makombe yanalaliana, moja juu ya jingine: umeruka stichi chache, au uzi ni mnene kwa mkono wako. Baki na kuruka 2 lakini piga dabo 4 badala ya 5, upime kwanza makombe manne matano. Makombe yametanuka yamekuwa bapa na yanavuta msingi juu: dabo zako fupi. Ukivuta uzi mara ya kwanza, kile kitanzi kipandishe kidogo kabla ya kuendelea, dabo inarefuka na kombe linapata nafasi ya kujikunjua. Makombe yanageukia mbele yote kwa pamoja: singo zinazokaa katikati umezikaza, na hapo sindano kubwa kidogo ndo dawa.

Upande gani wa mbele? Amua kabla. Makombe yana uso na mgongo, na ukigeuza kazi katikati ya raundi unapata nusu ya pindo inatazama huku na nusu kule.

Mahali pa kuungia raundi panaonekana kovu

Usianzie kona. Anzia katikati ya upande, sehemu ambayo blanketi likikunjwa inaingia ndani. Ukiunga kwa slipu ingiza sindano kwenye singo ya kwanza yenyewe, siyo kwenye cheni ya kupandia. Uzi wa mwisho acha mrefu kama kiganja, uuchomeke kwa sindano ya mkono kwenda mbele, urudi nyuma, uende mbele tena, ndo ukate. Mafundo peke yake kwenye akriliki yanafunguka, ni uzi unaoteleza.

Rangi ya pindo haifanani, au inachuja

Ukishuka soko la Majengo kutafuta uzi wa kumalizia wiki kadhaa baada ya kununua wa kwanza, utapata rangi unayodhani ni ile ile na nyumbani kwenye mwanga wa jua siyo. Uzi unatiwa rangi kwa awamu, na awamu zinatofautiana, lebo ina namba yake ya awamu ukiikuta bado ipo. Nunua wa pindo siku ile ile unayonunua wa blanketi. Ikishindikana usitafute kufananisha, chukua rangi tofauti kabisa, kijani cha giza juu ya krimu, watu wataona umepanga.

Nyekundu, zambarau ya zabibu na bluu ya giza zijaribu kwanza. Loweka kipande cha uzi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kibane kwenye kitambaa cheupe mpaka kikauke. Kitambaa kikipata rangi, usiweke uzi huo kwenye blanketi jeupe. Mambo ya kuloweka kwenye siki ili rangi ishike kwenye pamba au akriliki usiyategemee.

Uzi unaelekea kuisha

Pima usibahatishe. Kata mita 3, fuma makombe, hesabu. Tuseme yametoka 5. Lile blanketi la mfano wetu, pande fupi zina makombe 15 kila mmoja, ndefu 19 kila mmoja, na kona 4, jumla 72. Gawa 72 kwa 5, zidisha kwa 3, ni mita 43 na kidogo, weka 50 kwa sababu ya kona kubwa na kuungia. Kama huna mita 50, acha makombe, weka raundi moja zaidi ya singo na vinundu vya cheni 3 kila baada ya stichi 4, vinakula uzi kidogo. Kinundu kikianguka upande ni kwa sababu umefungia slipu kwenye hewa, ifungie kwenye kichwa cha singo ile ile uliyotokea.

Ila blanketi la mtoto mchanga usiliwekee vinundu virefu wala matao ya cheni nyingi. Vidole vya mtoto vinaingia. Makombe yaliyojaa ni salama zaidi na yanapendeza vile vile.

Umekata kitambaa cha flisi na pindo linakipasua

Flisi, kile kitambaa laini cha mablanketi, haichanuki nyuzi ukiikata, uzuri wake huo, lakini sindano ya kufumia haiingii yenyewe. Toboa matundu kwa sindano nene, mstari mmoja sentimita moja kutoka ukingoni, tundu na tundu umbali wa nusu sentimita hadi sentimita moja kulingana na unene wa uzi. Ukitoboa karibu zaidi na ukingo panakatika. Ukingo ukijikunja baada ya msingi, singo zako ni fupi kuliko umbali wa tundu na ukingo, ukipiga singo vuta uzi mpaka ufike juu ya ukingo ndo ufunge.

Pindo lilikuwa zuri, baada ya kuosha limeharibika

Kulianika kwenye kamba likiwa limelowa ndo kunaliua, maji yanashuka pembeni, pindo linarefuka na kubaki hivyo. Likamue kwa kulifunga ndani ya taulo, lilaze kwenye mkeka kivulini, zinyooshe kona kwa mkono, ziwekee pini kama ni pamba. Hewa ya hapa kavu halichukui muda. Kipindi cha upepo lilaze ndani au lifunike kwa kanga nyepesi, vumbi likikutana na pindo bichi jeupe utaliosha tena.

Akriliki usiiguse na pasi. Ni plastiki, inalegea, inang'aa, na hairudi tena ilivyokuwa. Kama una pasi ya mvuke ishike juu bila kugusa, mvuke upite, afu liache lipoe hapo hapo kabla hujalinyanyua.